Kuboresha Mtaa, Kuhamia Ghorofani au Kuchukua Kiwanja: Ulinganisho kwa Wakazi wa Makazi Holela

Kikao cha mtaa kinapoitishwa na ofisa wa halmashauri akasimama kueleza kwamba eneo limeingizwa katika mpango wa kuboresha makazi, wakazi huuliza kwanza fidia ni kiasi gani, kisha huuliza tarehe ya kuondoka. Ni maswali ya haki, kwa kuwa mtu aliyekwisha kubomolewa mara moja halisikii neno "mpango" bila kuliona tingatinga. Hata hivyo, kabla ya fidia na tarehe lipo swali ambalo likichelewa kuulizwa huja kuwagharimu wengi: mpango wenyewe ni wa aina gani? Jina la "makazi bora" limebeba ndani yake njia tatu zinazotofautiana sana, na familia ambayo ingenufaika kwa njia moja inaweza kupoteza kila kitu kwa njia nyingine.

Makala haya yanazilinganisha njia hizo kwa mifano ya Dar es Salaam na Nairobi, miji ambayo kwa takriban nusu karne imezijaribu zote tatu. Nimeyaandika kwa ajili ya kamati ya mtaa, kikundi cha akiba au familia iliyoletewa pendekezo na haijui iliitikie vipi.

Njia tatu zenyewe

Njia ya kwanza ni kuuboresha mtaa palepale ulipo. Nyumba nyingi hubaki, isipokuwa zile chache zinazopisha barabara au mfereji. Kinacholetwa ni mitaro ya maji ya mvua, njia za kupita, mabomba, taa, vyoo, na mara nyingine upimaji wa viwanja na utoaji wa hati, kazi ambayo Tanzania huitwa urasimishaji. Hanna Nassif, katika Kinondoni, ni mfano unaokumbukwa sana: kuanzia mwaka 1994, kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani na wafadhili wengine, wakazi wenyewe walifanya kazi ya kuchimba na kujenga mitaro, nao wakalipwa ujira. Kati ya 2005 na 2012 mpango mwingine ulifika mitaa 31 ya Dar es Salaam. Nairobi, mwezi Agosti 2017, serikali ya kaunti iliitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango, na kaya zipatazo 100,000 za Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani zikaanza kuupanga mtaa wao pamoja na wataalamu, zikiwa zimejigawa katika makundi madogo ya kaya kumikumi.

Njia ya pili ni kubomoa mabanda na kujenga maghorofa. Kibera, katika eneo la Soweto Mashariki, serikali ya Kenya ikishirikiana na UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, ilipanga kujenga upya kwa awamu, na nyumba 822 za awamu ya kwanza zilikabidhiwa mwaka 2016. Mukuru nayo ilipata nyumba 1,080 mwezi Mei 2025, chini ya mpango wa nyumba za bei nafuu unaogharamiwa na tozo ya asilimia 1.5 ya mshahara, ambayo mwajiri naye huchangia kiasi hichohicho. Dar es Salaam, kaya 644 za Magomeni Kota, ambazo nyumba zao kuukuu za serikali zilikuwa zimebomolewa, zilirejeshwa katika maghorofa yaliyozinduliwa Machi 2022. Magomeni Kota haikuwa makazi holela, lakini inafundisha mengi kuhusu kuondolewa na kurudi, ndiyo maana nitaitaja tena.

Njia ya tatu ni kupewa au kununua kiwanja kilichopimwa, chenye huduma za msingi, na kujenga kidogokidogo kadiri mfuko unavyoruhusu. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zilianza hivyo miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Dandora ya Nairobi, yenye viwanja 6,000, ilitokana na mkopo wa benki hiyohiyo wa mwaka 1975. Mfano wa miaka ya karibuni na wa aina yake ni Chamazi, pembezoni mwa Dar es Salaam, ambako vikundi vya akiba vya watu walioondolewa Kurasini kupisha upanuzi wa bandari vilinunua ekari 30 na kuanza kujenga nyumba zao.

Vigezo vya kupimia

Nimechagua vigezo sita: haki ya kubaki, gharama ya kila mwezi, umbali na riziki, maji na choo, muda wa kusubiri, na hatima ya mpangaji. Uzuri wa nyumba kwa macho sikuuweka. Picha ya ghorofa jipya lililopakwa rangi imewashawishi watu wengi kutia saini karatasi ambazo hawakusomewa, na sitaki kuongeza uzito upande huo.

Haki ya kubaki

Katika njia ya kwanza haki hii inategemea kabisa kama mradi umefika hadi kwenye karatasi. Mfereji na taa havimzuii mtu kuondolewa. Tanzania, Sheria ya Ardhi Namba 4 ya 1999 iliruhusu leseni ya makazi, ambayo ilianza kutolewa Dar es Salaam mwaka 2004. Leseni hiyo haizidi miaka mitano na inahitaji kuhuishwa, kwa hiyo ni kinga nyepesi ikilinganishwa na hati miliki. Urasimishaji unaofika hadi hati ndio unaomweka mtu pazuri. Mukuru ina tatizo gumu zaidi: sehemu kubwa ya ardhi ile iligawiwa watu na kampuni binafsi tangu miaka ya 1980, hivyo barabara inaweza kujengwa mbele ya mlango wa mtu ambaye, mbele ya sheria, bado amekaa kwenye shamba la mwingine. Novemba 2021 wakazi wengi wa Mukuru kwa Njenga walibomolewa nyumba zao kupisha barabara, wakati ambapo mtaa wao ulikuwa tayari umetangazwa eneo maalumu.

Ghorofani, haki huja kwa hati ya sehemu ya jengo, jambo ambalo sheria ya Tanzania ya 2008 na ya Kenya ya 2020 zinalitambua. Ni haki kamili, ila kwa kawaida haikabidhiwi siku ya kupewa funguo. Mtu huingia akiwa mpangaji mnunuzi, yaani anakaa huku akiilipia nyumba kidogokidogo, na mpaka amalize kulipa, kila mwezi anaochelewa unaiweka nyumba yake rehani.

Kiwanja kilichopimwa kina haki iliyo imara kuliko zote kwa mtu mmojammoja. Kikinunuliwa na kikundi, kama Chamazi, ulizeni mapema jina la nani litaandikwa kwenye hati. Hati ya pamoja huwazuia madalali wasimrubuni mwanachama mmoja mwenye shida auze, lakini pia humzuia mwanachama yuleyule kukopa benki kwa kiwanja chake.

Gharama ya kila mwezi

Kuboresha mtaa ndiko kwenye gharama ndogo. Wakazi huchangia sehemu ya ujenzi, hulipia upimaji, na baada ya hati hulipa kodi ya pango la ardhi, lakini hakuna deni kubwa la nyumba.

Ghorofa linahitaji hesabu ya makini zaidi, na hapa ningependa kila familia ikae na kalamu. Fikirieni mama lishe mwenye kibanda kando ya barabara. Kipato chake ni cha kila siku na kinapanda na kushuka: mvua ikinyesha siku nzima wateja hawaji, Jumapili hakuna biashara, mwanawe akiugua mtaji unakwenda hospitali. Deni la nyumba halijui mvua. Linakuja tarehe ileile, na juu yake kuna ada ya ulinzi, usafi wa ngazi, umeme wa kusukuma maji hadi ghorofa ya saba na matengenezo ya lifti. Mkaa hauruhusiwi au hauwezekani kwa moshi wake, kwa hiyo gesi inaingia kwenye bajeti. Uani kwa kuanikia, kufugia kuku wawili watatu au kukaangia vitumbua vya kuuza alfajiri hakupo tena. Anayehesabu malipo ya nyumba peke yake na kuona kwamba "ni sawasawa na kodi ninayolipa sasa" amehesabu nusu tu.

Kiwanja kina gharama inayofuata uwezo wa mtu. Mwezi wenye fedha hununuliwa mifuko mitatu ya saruji, mwezi mkavu hakinunuliwi kitu, na hakuna anayekuja kudai. Gharama inayosahaulika ni nauli.

Umbali na riziki

Watu hukaa kwenye makazi holela kwa sababu yako karibu na kazi. Mfanyakazi wa kibarua anayeishi Viwandani huenda kwa miguu hadi kwenye malango ya viwanda vya Nairobi kabla ya saa moja asubuhi, na siku akikosa kazi hajapoteza nauli. Njia ya kwanza hulinda jambo hilo kwa asilimia mia. Njia ya pili hulilinda pia, iwapo maghorofa yanajengwa palepale na wenyeji ndio wanaoingia.

Njia ya tatu ndiyo inayoyumba hapa. Kutoka Kurasini, ambako wanaume walibeba mizigo bandarini na wanawake wakawauzia chakula, hadi Chamazi, ni safari ndefu kuvuka Mbagala. Mtu aliyekuwa akifika kazini kwa miguu akawa anapanda daladala asubuhi na jioni, na baadhi ya familia zikajikuta baba analala mjini siku za kazi na kurudi mwisho wa wiki. Miaka ikipita, pembezoni hujaa watu, masoko huota na barabara hufika. Sinza ilipoanza ilikuwa nje ya mji, na leo ni mji wenyewe. Tatizo ni miaka kumi ya mwanzo, ambayo ndiyo miaka ambayo watoto wanakua.

Maji, choo na mvua

Anayetaka kuelewa kwa nini mtaro wa maji ya mvua ni suala la makazi, na apite kwenye vichochoro vya bonde la Msimbazi usiku wa mvua kubwa ya masika. Choo cha shimo kikijaa na gari la kunyonya maji taka haliwezi kupita kwa ufinyu wa njia, wenye nyumba husubiri mvua, kisha hufungulia kinyesi kikaenda na maji. Watu wa Dar es Salaam wana neno lao, kutapisha choo. Asubuhi yake watoto wanavuka maji yaleyale kwenda shule, na mama wa nyumba ya chini anafagia sebule yake kwa chepeo. Njia pana kiasi cha kupitisha gari, pamoja na mfereji unaofika hadi mtoni badala ya kuishia kwenye nyumba ya mtu, huokoa maisha zaidi kuliko paa jipya. Hapo ndipo njia ya kwanza ina nguvu zake zote.

Mukuru, ambako familia nzima hukaa katika chumba cha mabati cha futi kumi kwa kumi, pazia likitenganisha kitanda na jiko, choo kimoja hutumiwa na majirani wengi na maji hununuliwa kwa mtungi kwa bei inayozidi ile ya mwenye bomba lake katika mitaa ya kitajiri. Bomba rasmi likifika, unafuu huonekana ndani ya wiki ya kwanza.

Ghorofa humpa kila mwenye nyumba choo na bomba lake ndani, jambo ambalo mwanamke anayeogopa kutoka usiku analielewa kuliko mtu yeyote. Sharti lake ni maji yapande kweli. Kwenye kiwanja, ubora hutegemea kilichotangulia: Dandora viwanja vilitolewa vikiwa na maji, mfereji wa maji taka na choo kilichojengwa tayari, ilhali viwanja vingi vinavyouzwa leo pembezoni vina bikoni nne, yaani alama za mipaka, na ahadi.

Muda na mahali pa kusubiria

Kichochoro kinaweza kuwekwa mfereji ndani ya miezi. Mtaa mzima huchukua miaka michache, na muda wote huo watu wanalala nyumbani kwao.

Soweto Mashariki ilikwenda vingine. Wakazi walihamishiwa nyumba za muda za Lang'ata Septemba 2009, ambako nyumba ya vyumba vitatu ilikaliwa na familia zaidi ya moja zikitumia jiko na choo kimoja. Kesi iliyofunguliwa na waliodai haki juu ya eneo ilichelewesha ubomoaji, na nyumba za kurudi zikakabidhiwa 2016. Miaka saba ni muda wa mtoto kuingia shule ya msingi na kukaribia kuimaliza. Baadhi ya waliohamishwa walipangisha vyumba vyao vya Lang'ata na kurudi mabandani Kibera, na wala siwalaumu, kwa kuwa fedha ya pango ilikuwa na kazi. Magomeni Kota nako walisubiri takriban muongo mzima, wengi wakihangaika na nyumba za kupanga. Kilichowaokoa ni kwamba orodha ya kaya 644 ilikuwepo na haikupotea.

Kwenye kiwanja mtu huweza kuhamia mara chumba kimoja kinapoezekwa. Upo pia mchanganyiko unaostahili kutajwa: Kambi Moto, katika Huruma ya Nairobi, ambako wakazi waliojiunga na Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda ya Kenya, walijenga palepale, kwa mikono yao, vinyumba vyembamba juu ya vipande vya ardhi vyenye takriban mita nne na nusu kila upande, wakianza na chumba cha chini na kupandisha ghorofa kadiri akiba ilivyoruhusu. Ilihitaji miaka mingi ya kuweka akiba pamoja na baraza la jiji lililokubali kulegeza kanuni za ukubwa wa viwanja.

Mpangaji yuko wapi

Hiki ndicho kigezo ninachokipa uzito kuliko vyote, kwa sababu ndicho kinachosahaulika kikaoni. Katika mitaa ya mabanda ya Nairobi karibu watu wote ni wapangaji, na wenye mabanda wengi hawaishi huko. Dar es Salaam hali ni tofauti kidogo: kwenye nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita na korido katikati, mwenye nyumba mara nyingi analala chumba cha mbele na wapangaji wake wamejaza vilivyobaki. Anayeitwa kikaoni ni mwenye nyumba. Anayejaza nyumba ni mpangaji.

Mtaa ukiboreshwa, kodi hupanda. Mwenye nyumba aliyepata barabara na taa atadai zaidi, na atadai ya miezi sita kwa mkupuo. Mpangaji wa chumba cha nyuma husogea bonde la mbali zaidi, akawe wa kwanza kukumbwa na mafuriko tena. Kikundi kinachojadili mradi wa aina hii kinaweza kudai makubaliano ya maandishi kwamba kodi isipande kwa muda fulani, na si jambo la ajabu kulidai.

Ghorofa ndilo pekee ambalo, likipangwa kwa haki, humgeuza mpangaji kuwa mmiliki, na Soweto Mashariki ililenga wapangaji waliokuwa wameorodheshwa. Lakini ndilo pia linalomtoa kwa urahisi kuliko yote, kwa kuwa anayekosa amana nafasi yake huchukuliwa na mwenye mshahara kutoka mtaa mwingine.

Viwanja kwa kawaida huenda kwa mwenye akiba. Tena thamani ikipanda, maskini huuza: Dandora nyingi ya leo ni maghorofa ya kupangisha, na Sinza imehamia mikononi mwa watu wa kipato cha kati. Aliyeuza kwa bei nzuri na kusomesha watoto hakukosea. Aliyeuza kwa dalali kulipia matibabu ndiye anayenisikitisha.

Kwa hali yenu

Ikiwa wengi wenu ni wenye nyumba wanaoishi mtaani, ardhi haina mgogoro mkubwa, na adui yenu ni mafuriko na vyoo, anzeni na kuboresha palepale, na msikubali kazi iishie kwenye mfereji bila upimaji na hati.

Ikiwa eneo limebanana kiasi kwamba hakuna njia inayoweza kupita bila kubomoa nusu ya mabanda, na wakazi wengi ni wapangaji wenye kipato cha uhakika, maghorofa yanafaa, iwapo mambo matatu yameandikwa kabla ya banda la kwanza kuvunjwa: orodha ya majina, mahali pa kusubiria, na jumla ya malipo ya mwezi ikiwa na ada zote. Familia zenye mzee asiyeweza ngazi, au zinazoishi kwa biashara ya uani, ziombe vyumba vya chini.

Ikiwa mko bondeni au mahali panapochukuliwa kwa mradi wa umma na kubaki hakuwezekani, tafuteni kiwanja kama kikundi, kwa kuwa mmojammoja mtapata vilivyobaki. Kabla ya kununua, siku moja ya kazi, mwanakikundi mmoja apande daladala kutoka kiwanjani saa kumi na moja alfajiri hadi mahali mnapofanyia kazi, ahesabu nauli na saa, kisha awaletee hesabu hiyo. Vijana wasio na watoto wa shule na mafundi wanaofuata ujenzi huuvumilia umbali kuliko mama mchuuzi.

Ikiwa mna akiba ya miaka kadhaa na halmashauri iko tayari kuwasikiliza juu ya ukubwa wa viwanja, ombeni kupelekwa Kambi Moto mkaone na kuwauliza waliojenga.

Na ikiwa wewe ni mpangaji, kwa njia yoyote itakayochaguliwa, hakikisha siku ya kuhesabu kaya jina lako linaandikwa kama kaya inayojitegemea, wala si kama "chumba" cha mwenye nyumba. Weka risiti za kodi, barua ya serikali ya mtaa au ya chifu, na kadi za kliniki za watoto zenye jina la mtaa, na umwombe karani akuoneshe mstari alioandika kabla hajafunga daftari.